Mguu wa Chelangat

Chennai, India
11 Februari 2024

Mama Mdogo mpendwa,

Chamgei. Nakusalimu kutoka kwa joto ambalo wewe, mtu wa baridi ya Sachangwan, usingelivumilia hata siku moja. Baba hajasema nikusalimu. Lakini ameniona naandika na hajauliza ni kwa nani, na wewe unamjua shemeji yako.

Tutafanya tulivyopanga. Nikikutumia barua, Winrose wangu ataichapisha ofisini na kuiweka kwa matatu ya Molo mpaka dukani kwa Kiarie. Wewe utaandika kwa mkono, Kiarie atairudisha Nakuru, na Winrose ataipiga picha anitumie. Najua tangu masikio yako yafunge simu kwako ni kelele, na zile jumbe fupi hutaki kuzisikia hata kwa jina. Mtoto wetu Kimberly ameng'oka meno mawili ya mbele na anakataa kucheka shuleni. Kiamunyi maji bado yanakuja mara mbili kwa wiki.

Sasa jambo lenyewe. Ini la Baba limekwisha kabisa. Madaktari wamekubali kumpandikizia lingine, na mtu wa kumpa kipande cha ini lake amepatikana. Nilidhani wanaogopa kisu, kumbe wanachoogopa zaidi kinakuja baadaye. Wakishaunganisha mishipa, damu inaweza kuganda ndani yake, na donge dogo kama punje ya wimbi linaweza kuua ini jipya kwa siku moja. Kwa hiyo wana programu kwenye kompyuta. Wanajaza maswali mengi, halafu inawaambia hatari ni kiasi gani. Sasa hivi inasema sita kati ya mia. Swali moja limebaki. Je, kwenu kuna aliyekufa ghafla, au aliyevimba mguu mmoja, au aliyepoteza mimba?

Nimemkumbuka Mama. Nilikuwa na miaka sita na mliniambia ni homa. Ilikuwa homa gani?

Mwanao,
Gedion Kigen


Sachangwan
19 Februari 2024

Gedion mwanangu,

Nimepokea barua yako nikiwa mzima, isipokuwa goti. Sakitu, ile barafu ya alfajiri, imechoma viazi vyote vya upande wa chini, vya juu vimepona. Mwambie Kimberly mwalimu aliyestaafu amesema acheke, meno huota. Pole kwa kuuguza. Kuuguza mtu asiyesema anapoumia ni kazi mbili.

Kuhusu dada yangu Chelangat: ilikuwa homa ya uzazi. Mtoto alizaliwa amekufa, na siku tisa baadaye mama naye akaenda. Andika hivyo.

Ila sijaelewa. Kosgei ndiye mgonjwa. Yeye na dada yangu walikuwa mume na mke, hawakuwa damu moja. Madaktari wa Kosgei wanatafuta nini kwenye kaburi la Chelangat? Hapa Sachangwan watu wakitaja vifo wanaanzia mwaka ule wa moto wa lori la mafuta barabarani, na waliokufa siku hiyo wana mnara na siku yao ya kukumbukwa. Wetu alitangulia, na ana mawe matatu tu chini ya mwerezi. Muacheni.

Huyo aliyejitolea ini ni nani? Hukusema.

Mama yako mdogo,
Jepkoech


Chennai
2 Machi 2024

Mama Mdogo,

Salamu kutoka huku. Samahani nimechelewa. Hali imekuwa ngumu. Tumbo la Baba limejaa maji na kuna siku hajui asubuhi wala jioni. Juzi aliniita kwa jina la ndugu yake marehemu. Winrose anasema watoto wazima na mbuzi mmoja amezaa mapacha.

Ulivyoandika kuhusu homa nimempa daktari, yule mwanamke wa mambo ya damu. Akauliza, "Homa siku ya tisa, na mwisho wake ulikuwaje? Alidhoofika polepole, ama alikata roho ghafla?" Nikasema sijui. Akauliza mguu. Nikasema sijui.

Nimemuuliza Baba mwenyewe, siku kichwa chake kilikuwa sawa. Aligeukia ukuta. Baadaye sana akasema, "Muulize Jepkoech. Yeye ndiye alikuwa ndani."

Mama Mdogo, naomba usiniulize kwa nini wanataka kujua. Nakuomba tu uniambie ulichokiona.

Gedion


Sachangwan
9 Machi 2024

Gedion,

Hatujambo. Mvua haijaanza.

Kama Kosgei amekwambia mimi nilikuwa ndani, basi akwambie na yeye alikuwa wapi. Miaka ishirini na minane hajakanyaga kwangu, hata nilipofiwa na mume wangu alituma mtu. Leo yuko kitandani India ndiyo anakumbuka nilikuwa ndani.

Nimekwambia homa. Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na moja na hakuna aliyewahi kuniambia nadanganya.

J.


Chennai
17 Machi 2024

Mama Mdogo,

Nakusalimu kwa heshima zote, na usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Mwenye kutoa ini ni mimi.

Nilikuficha kwa sababu mimi ndiye pekee aliyebaki wa dada yako, na nilijua ungesimama barabarani kuzuia gari la kwenda uwanja wa ndege. Sasa unaelewa kwa nini wanamuuliza Mama. Kuna kitu kwenye damu kinachoizuia isigande ovyo. Kipimo changu cha kwanza kilionyesha kimepungua. Cha pili kikaonyesha kiko karibu sawa. Daktari alisema vipimo viwili vikipingana, historia ya ukoo ndiyo hukata shauri. Akinijazia "ndiyo", ile hesabu yao inaruka kutoka sita mpaka karibu ishirini kati ya mia, na hapo wangeniacha wamtafute mtu mwingine, au wangejiandaa kwa njia nyingine.

Lakini mtu mwingine hayuko, na Baba hana wiki mbili. Jana niliketi na daktari akaniuliza mara ya mwisho. Nikasema hakuna. Nimesema kama ulivyoniambia wewe.

Tunaingia Jumanne asubuhi, mimi kwanza halafu Baba. Tuombee.

Gedion


Sachangwan
Jumatano, 20 Machi 2024

Gedion, mtoto wa Chelangat,

Barua yako imefika leo. Wamekwisha kukupasua tangu jana. Nimekaa nayo mlangoni mpaka chai imepoa, na sasa naandika bila salamu.

Haikuwa homa.

Siku ya sita baada ya kujifungua, mguu wake wa kushoto ulianza kuuma kwenye shavu la mguu. Siku ya nane ulikuwa umevimba mpaka buti la mpira halikuingia, umekuwa mwekundu, wa moto. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa tano, barabara ya kutoka kwenu ilikuwa tope tupu. Baba yako alisema neno lake siku hiyo, na hilo nitamwachia aseme mwenyewe.

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kumuona. Wewe ulikuwa nje na gari lako la mabua. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili na nilijua kila kitu. Mama yetu alikuwa akituchua miguu kwa maji moto na mafuta ya ng'ombe, basi nikachemsha maji, nikaketi kwenye kigoda, nikaweka mguu wa dada yangu mapajani. Nilianzia kifundoni nikipanda juu. Nilikanda kwa nguvu kwa sababu nilimpenda. Tulikuwa tukiongea. Kisha akashika kifua, akavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji ya mtoni, akanitazama. Hakuvuta nyingine. Mguu ulikuwa bado mikononi mwangu.

Niliwaambia watu ni homa. Nilimfunika mguu mwenyewe, nikamwosha mwenyewe, hakuna aliyeuona. Tangu siku hiyo sijakanda hata unga wa chapati. Majirani wanadhani nina ugonjwa wa viungo. Nikipitisha mkono kwenye kitu laini chenye joto, shingo ya ndama, mto uliolaliwa, naupata ule mguu.

Na si yeye tu. Kabla yako alipoteza mimba mbili. Na nyanya yetu mzaa mama alianguka jikoni akafa, siku ya arobaini baada ya kujifungua.

Ningeweza kuandika maneno mawili tu, Winrose akakutumia leo hii. Nimejaribu. Siwezi kumfanya mke wako ajue kabla yako. Naifunga kwa gundi na namwomba asiifungue. Pamoja na barua yako ameniandikia kwamba kuna mama anaitwa Awuor, mumewe yuko hospitali hiyo hiyo, anaruka Jumapili. Ataileta.

Sasa unajua mkono uliokulea ni upi.

Jepkoech


Chennai
14 Aprili 2024

Mama Mdogo,

Sisi wote tuko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua utasoma mstari wa kwanza ukiwa umesimama.

Kimya changu kimekuwa cha wiki nne. Nusu yake nilikuwa mgonjwa. Nusu nyingine sikujua nikuandikie vipi.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Ini lilianza kazi siku ile ile, macho ya Baba yakarudi meupe. Ila alichanganyikiwa. Walisema ni dawa. Walinipeleka kumuona kwa kiti cha magurudumu nikamkuta anaongea na mlango. "Mwambie Chelangat avae koti," akaniambia. "Asilie. Jumatatu tunaenda." Mama Mdogo, sijawahi kumsikia akitaja jina la Mama maisha yangu yote. Siku nne mfululizo alilitaja. Kila niliposogea karibu alinikazia macho kwenye tumbo, pale nilipopasuliwa, akauliza, "Amelala?"

Mimi nami kuanzia Jumamosi nilikuwa na maumivu kwenye shavu la mguu wa kulia. Muuguzi aliniuliza kila asubuhi kama ninaumwa popote, nikasema hapana. Nilitaka wamtazame Baba. Nilidhani ni kulala sana.

Jumanne Awuor akafika. Ni mama mwenye moyo, hata hajapumzika safari. Aliniona ninavyochechemea kutoka msalani akasema, "Keti hapo, babangu. Hiyo ni misuli. Nikukande kidogo, mikono yangu inaijua hiyo kazi." Akatoa chupa ya mafuta kwenye mkoba, na pamoja nayo akatoa bahasha yako. Nikamwambia ngoja kwanza nisome, imetoka nyumbani.

Nilifika pale pa kigoda. Awuor alikuwa ameshika kifundo changu tayari. Nikapiga kelele, "Usiniguse!" mpaka wadi nzima ikanyamaza. Masikini akadhani nimepandwa na wazimu.

Niliita daktari. Walinipima kwa ile mashine inayoonyesha damu ikitembea, na kwenye mguu haikutembea. Donge lilitoka nyuma ya goti mpaka pajani. Nikamtafsiria barua yako mstari kwa mstari. Tulipofika kwa nyanya yenu aliniuliza, "Hii iliandikwa lini?" Nikamwambia. Akaenda kwa Baba akikimbia. Sijawahi kuona daktari akikimbia.

Mshipa unaopeleka damu kwenye ini la Baba ulikuwa umebaki uzi. Kipimo chake kilichofuata kilikuwa kimepangwa kesho yake asubuhi. Walimrudisha chumba cha upasuaji ndani ya saa moja, wakalitoa donge, wakaushona upya. Daktari ameniambia wazi kwamba asubuhi ingekuwa kuchelewa.

Alinieleza hivi. Kile kitu kinachozuia damu kuganda hutengenezwa na ini. Mama hakuwa nacho cha kutosha, mimi sina, na sasa Baba ana ini langu. Kwa hiyo damu ya Baba siku hizi inaganda kama ya Mama. Atachomwa sindano, halafu atameza vidonge maisha yake yote, na mimi pia. Nilikaa na hilo kwa muda mrefu nikimtazama akilala.

Sasa lile lingine, ambalo ndilo limenizuia kuandika. Nilimuuliza kama kukanda mguu ndiko kulikomuua. Nilitaka aseme hapana. Hakusema hapana. Alisema donge la namna hiyo lingeweza kung'oka lenyewe alipoinuka kitandani, au usiku wake, au kesho yake. Na linaweza kung'oka likikandwa. Alisema hakuna mtu duniani anayeweza kukwambia ni lipi lililotokea. Nilitunga uongo mara tatu, wa kukutumia. Nimeuchana wote.

Jumatatu ni nini?

Gedion


Sachangwan
27 Aprili 2024

Gedion,

Ahsante kwa mstari wa kwanza. Niliusoma nikiwa nimesimama, kama ulivyosema.

Na ahsante kwa kutonidanganya. Mchungaji wa zamani alinidanganya, mume wangu alinidanganya bila kujua anadanganyia nini. Ukiambiwa "si wewe" na mtu asiyejua ulichofanya, halikuingii. Sasa kuna mtu anayejua na hajasema si mimi. Ajabu ni kwamba wiki hii nimelala.

Lakini nimehesabu siku. Kutoka tarehe ishirini mpaka ishirini na sita ni siku sita. Nilizitumia kulinda aibu yangu, na wewe donge lilikuwa likipanda. Hizo nazo nitabaki nazo, usijaribu kuniondolea.

Winrose alikuja kunichukua, tukaenda Nakuru kupimwa damu. Nimepungukiwa kama nyinyi. Mimi sikuwahi kubeba mimba, na nililia sana kwa hilo nilipokuwa kijana. Daktari wa hapa alisema labda ndiyo sababu ningali hai. Kimberly naye watampima, na akiwa msichana mkubwa aambiwe. Aambiwe kwa maneno yake yote, mguu, mimba, nyanya, kila kitu. Nitamwambia mimi.

Kuhusu Jumatatu, hilo si langu. Muulize mwenyewe.

Mvua imeanza na nimepanda.

Mama yako mdogo,
Jepkoech


Kiamunyi, Nakuru
3 Julai 2024

Mama Mdogo,

Tumerudi salama. Kimberly alitukimbilia langoni, kisha akamwogopa babu yake kwa vile amekonda. Sasa wamezoeana, anamhesabia vidonge.

Sikumuuliza Jumatatu. Nilianza mara mbili, nikaishia kumuuliza kama amemeza dawa. Lakini jana mezani, bila mtu kumuuliza, alisema anataka kuja kwako. Nikasema nitampeleka. Akasema nimshushe barabarani, atatembea mwenyewe.

Gedion


Sachangwan
18 Agosti 2024

Gedion mwanangu,

Salamu kwako, kwa Winrose na kwa mhesabu vidonge wetu. Viazi vimetoka vizuri, nimekuwekea gunia. Umemrudisha mzee nyumbani juzi na najua hakukwambia kitu njiani, kwa hiyo nakuandikia nilichokiona, kama ulivyoniomba wakati ule nikakataa.

Alikuja na fimbo, polepole, akipumzika kila hatua kumi. Ukungu ulikuwa haujainuka. Nilimwona tangu kwenye mwerezi, akasimama pale kwenye mawe matatu, nikadhani ataishia hapo. Hakuishia. Nilimtolea kiti nje, tukakaa. Nilimpa daftari na kalamu, kwa sababu unajua sisikii. Akalisukuma. Akafungua mdomo, na midomo naisoma vizuri tu. Alisema, "Nilisema tungoje Jumatatu."

Nilielewa. Lakini nikaweka mkono sikioni nikamfanya arudie.

"Nilisema tungoje Jumatatu! Lori la maziwa litapita!"

Nikamfanya arudie tena. Mungu anisamehe, nilitaka kumwona akilisema. Mara ya tatu alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na mwanamke aliyekuwa akipita na kuni njiani akageuka. "Kulikuwa na pikapu kwa jirani! Alinipa ufunguo Jumamosi! Nikamrudishia! Nikasema ni mguu tu!"

Kumbe hiyo ndiyo miaka yote. Mimi nilidhani hanisalimii kwa sababu anajua nilichofanya. Yeye alidhani namkimbia kwa sababu Chelangat aliniambia kuhusu ufunguo. Hakuniambia. Niliyasikia ya Jumatatu tu, ya ufunguo sikuyajua kabisa.

Basi nami nikamwambia yangu. Kigoda, maji moto, mafuta, kutoka kifundoni kwenda juu. Sikuondoa kitu. Alisikiliza akitazama mikono yangu. Nilitegemea atainuka. Angenipiga kwa ile fimbo nisingezuia.

Hakuinuka. Ukungu ukaondoka na lori zikaonekana kule barabarani. Kisha akavuta daftari mwenyewe, akaandika kwa ile hati yake mbovu: *Alikuwa anasema nini?*

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Hata wewe sikukuandikia, niliandika tu kwamba tulikuwa tukiongea.

Nikamwambia. Alikuwa akisema maumivu yanapungua. Alifumba macho akaegemea ukuta, akasema, "Hapo hapo, Jepkoech. Usiache."

Kosgei alisoma midomo yangu kana kwamba yeye ndiye kiziwi. Akaniomba nirudie, nikarudia. Akaniomba tena.

Baadaye saa yake ya dawa ikafika. Nilimletea maji, tukakishika kikombe wote wawili, na nusu yake ikamwagika magotini mwake. Akameza kwa ile iliyobaki.

Mama yako mdogo,
Jepkoech